Jopo liliniuliza "kwa nini kampuni hizi?" nikakosa jibu

Shikamoo Mwalimu,

Naandika baada ya wiki mbili za kulala kwa mang'amung'amu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu katika biashara ya kimataifa. Ninachotaka kujua ni jinsi kampuni tanzu inavyoyashawishi makao makuu, yaliyo nchi nyingine, yaipe jukumu kubwa zaidi: isiishie kuuza bidhaa inazoletewa, bali ibuni bidhaa ambayo kampuni tanzu za nchi nyingine nazo zitaiuza. Nimechagua uchunguzi kifani, yaani kuchunguza kwa kina visa vichache, kila kampuni ikiwa kisa kimoja, kwa mahojiano na kusoma nyaraka za ndani, maana sioni jinsi ya kulifikia jambo hili kwa hojaji.

Nilituma barua pepe kwa kampuni tanzu 31. Tano zilikubali, na tatu kati ya hizo nilizipata kupitia mtu niliyesoma naye ambaye sasa anafanya kazi ya ushauri wa biashara na anafahamiana na wakurugenzi. Kampuni hizo ziko katika nchi mbili. Nne zilipewa jukumu hilo. Ya tano iliomba mara tatu, ikakataliwa mara tatu. Kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kuiweka kando, kwa sababu utafiti wangu unawahusu waliofanikiwa. Mkurugenzi wake alinipokea vizuri sana. Alifungua droo akanitolea maombi yote matatu, kila moja kurasa arobaini na kitu, na kwenye jalada la lile la mwisho kuna mstari mmoja wa mkono kutoka makao makuu: "Tumelipokea, asante." Nilikaa nikayasoma. Hayana tofauti kubwa na maombi niliyoyaona kwa wale wanne. Hata mtu wa kuwatetea huko makao makuu walikuwa naye. Na kuna jambo jingine, sijui kama lina uzito: kampuni hii na mojawapo ya zile nne zina kampuni mama moja.

Kwenye pendekezo la utafiti niliandika sentensi moja tu: "Visa viliteuliwa kwa usampulishaji wa kinadharia." Siku ya kuwasilisha, mjumbe mmoja wa jopo akauliza, "Kwa nini hizi na si nyingine?" Nikajibu, "Ndizo zilizokubali." Ukumbi ukanyamaza. Wa pili akasema nne ni chache mno, nitafute ishirini na nizichague kwa bahati nasibu, la sivyo matokeo hayatakuwa na maana nje ya kampuni hizo. Wa tatu akataka niwe na idadi sawa kwa kila nchi ili nilinganishe nchi. Msimamizi wangu aliniambia baadaye nisihangaike: Eisenhardt, ambaye makala yake kuhusu uchunguzi kifani hunukuliwa sana, anaruhusu visa kuanzia vinne hadi kumi, na tena mchagua nazi hupata koroma, nishukuru nilizozipata.

Nina wiki sita za kurudisha pendekezo. Nifuate lipi? Na je, ni vibaya nikiandika kwamba nilizichagua kwa kigezo fulani, hata kama kigezo hicho nimekipata baada ya kuwa nazo mkononi?

Mtafiti wa mwaka wa pili


Marahaba mwanangu.

Kabla ya idadi, kabla ya bahati nasibu, rudi kwanza kwenye ile droo. Umeisimulia kama jambo la pembeni, lakini nilipoisoma barua yako mara ya pili niliona utafiti wako wote umo mle.

Tazama. Kampuni nne ziliandika maombi mazuri, zikawa na mtetezi makao makuu, zikapewa. Ukiishia kwa hizo nne utaandika kwamba maombi mazuri na mtetezi ndivyo vinavyoleta jukumu, na kila aliyehojiwa atakuunga mkono, kwa sababu aliyefanikiwa huwa na maelezo tayari ya kwa nini alifanikiwa. Kisha inakuja ya tano. Ina maombi mazuri, ina mtetezi, na haikupewa. Maelezo yako yote yanaanguka kwa droo moja. Ukiyaona hayo sasa, ukiwa na wiki sita mkononi, umeokoka. Mwenzako angeweza kuyaona siku ya kutetea tasnifu.

Hili ndilo kosa la kuchagua visa kwa kutazama matokeo: unawachukua waliofika, unatafuta wanachofanana, unakiita sababu, bila kujua kama walioachwa njiani nao walikuwa nacho. Katika biashara ya kimataifa kosa hili linanasa kwa urahisi, kwa sababu aliyeshindwa hapatikani. Kampuni tanzu iliyofungwa haina tena mapokezi ya kupigia simu. Mradi uliokataliwa hauandikwi kwenye ripoti ya mwaka. Kwa hiyo aliyeshindwa anapokufungulia droo mwenyewe, usimweke kando.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kama ungeuliza tu ni hatua gani zinapitiwa tangu ombi linapoandikwa hadi jukumu linapotolewa, waliofanikiwa peke yao wangeweza kukutosha, kwa kuwa kufuatilia mwenendo wa jambo ndani ya kisa kimoja ni kazi halali kabisa. Lakini wewe umeandika "inavyoyashawishi". Neno hilo limebeba sababu ndani yake. Ukisema fulani alimshawishi fulani, unadai kwamba bila alichofanya mambo yangekwenda vingine, na dai la namna hiyo linahitaji kisa ambacho mambo yalikwenda vingine kweli.

Sasa lile ulilosema hujui kama lina uzito. Lina uzito kuliko yote uliyoyaandika. Kampuni mbili, watoto wa mama mmoja, moja imepewa na nyingine imenyimwa. Waamuzi ni wale wale, taratibu za kuomba ni zile zile, mfuko wa fedha ni mmoja. Mtafiti anaweza kuzunguka miaka miwili akitafuta jozi kama hiyo asiipate. Lolote linalozitenganisha kampuni hizo halitoki kwenye tofauti ya kampuni mama, na hapo umeshafunga mlango mmoja mkubwa wa maelezo mbadala. Ila chunguza tarehe. Kama dada yake alipewa kabla makao makuu hayajabadili uongozi au mkakati, na huyu akaomba baada ya hapo, basi mama kwa jina ni mmoja lakini kwa kazi ni wawili. Hilo lenyewe linaweza kuwa jibu lako, lakini lazima ulijue mapema.

Kabla hatujafika kwa wajumbe wa jopo, nikuulize swali ambalo wanasosholojia Charles Ragin na Howard Becker waliwakusanya wataalamu walijadili katika kitabu kizima mwaka 1992: kisa ni nini? Kwako wewe, kisa ni kampuni tanzu? Ni nchi? Ni jukumu lenyewe? Umehesabu kampuni kwa sababu kampuni ndizo zenye anwani ya barua pepe. Lakini swali lako halihusu kampuni nzima, linahusu tukio la kuomba na kujibiwa. Ile kampuni ya tano ina maombi matatu. Je, zile nne zilipewa mara ya kwanza zilipoomba? Sidhani uliwauliza. Mtu akishapewa husimulia lile ombi lililokubaliwa, yale mawili ya kabla yake yanafifia. Warudie. Waambie, "Naomba kuona na yaliyokataliwa." Ukifanya kitengo chako cha uchambuzi kiwe ombi, badala ya kampuni, hizo kampuni tano zinaweza kukupa visa kumi au zaidi, vilivyokubaliwa na vilivyokataliwa vikiwa ndani ya kampuni moja, chini ya mkurugenzi mmoja, miaka michache kati yao. Hapo unauliza: nini kilibadilika kati ya ombi la pili na la tatu? Swali hilo lina meno.

Utaona idadi yako inapanda bila wewe kuiandikia kampuni nyingine yoyote. Sikuambii hivyo ili ujipatie namba ya kumridhisha mtu. Nakuambia ili uone kwamba idadi ya visa haijulikani mpaka ujue kisa ni nini.

Turudi kwa mjumbe wa bahati nasibu. Ana hoja nzuri, ila ni ya utafiti wa aina nyingine. Kuchagua kwa nasibu kunafanya kazi pale unapochukua wengi kutoka kundi unalolijua lote, ili tofauti zao zifidiane na ukadirie hali ya kundi zima. Wewe huna orodha ya kampuni tanzu zote zilizowahi kuomba jukumu, hakuna aliye nayo. Na ukiokota tano kwa macho yaliyofumbwa, nasibu inaweza kukupa tano zinazofanana kama mapacha, usijifunze kitu. Robert Yin, ambaye kitabu chake cha uchunguzi kifani kilitoka mara ya kwanza mwaka 1984, analinganisha kisa na jaribio la maabara: mwanasayansi harudii jaribio ili apate sampuli ya majaribio, analirudia aone kama matokeo yatajirudia, au kama yatabadilika kwa sababu aliyokwisha kuitaja. Kwa hiyo kisa kinaongezwa kwa moja ya sababu mbili: unatarajia kionyeshe lile lile, au unatarajia kionyeshe kinyume kwa sababu unayoweza kuieleza mapema. Unachokieneza nje ya kampuni zako ni maelezo. Hukadirii ni asilimia ngapi ya kampuni za dunia ziko hivyo. Mwambie hivyo kwa heshima, na kama bado anataka ishirini, muulize ya sita ingekuwa na kazi gani ambayo hizi tano haziwezi kuifanya. Akikupa jibu zuri, itafute hiyo ya sita.

Msimamizi wako naye amesema kweli nusu. Ni kweli Kathleen Eisenhardt, katika makala yake ya mwaka 1989, aliandika kwamba visa vinne hadi kumi kwa kawaida hufaa. Lakini watu wamekata kipande hicho kwenye makala wakakifanya hirizi. Makala ile ile inasema visa vichaguliwe kwa sababu za kinadharia, na inasifu kuchukua ncha mbili zinazopingana, waliofanya vizuri sana na waliofanya vibaya sana, ili jambo unalolichunguza lionekane waziwazi. Yaani mwandishi huyo huyo unayetaka kumtumia kutetea nne zako za mafanikio ndiye angekwambia umwingize wa tano. Na kuhusu nazi na koroma, namheshimu msimamizi wako, lakini methali hiyo ni ya mtu mwenye njaa. Mtafiti kazi yake ni kuchagua, na kueleza amechaguaje.

Nikuonyeshe kuchagua kunavyokuwa kukiwa kumefikiriwa. Christopher Bartlett na Sumantra Ghoshal, kwenye utafiti wao uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu namna kampuni kubwa zinavyosimamia shughuli zilizotawanyika duniani, walichukua kampuni tisa. Tisa ni namba ndogo. Lakini tazama zilivyopangwa: sekta tatu, na katika kila sekta kampuni moja ya Ulaya, moja ya Marekani, moja ya Japani. Kwenye bidhaa za nyumbani zenye chapa walikuwa na Unilever, Procter & Gamble na Kao. Kwenye vifaa vya elektroniki, Philips, General Electric na Matsushita. Kwenye mitambo ya simu, Ericsson, ITT na NEC. Chukua Kao peke yake uone kazi inayofanya pale. Ukiisoma kwa upande mmoja, iko na washindani wanaouza bidhaa za aina moja, kwa hiyo tofauti yake nao haiwezi kusingiziwa sekta. Ukiisoma kwa upande mwingine, iko na Matsushita na NEC zilizozaliwa nchi moja nayo, kwa hiyo tofauti yake nazo haiwezi kusingiziwa Japani. Mtu akiwauliza "kwa nini Kao?" wana la kusema. Wewe uweze kusema hivyo kwa kila moja ya tano zako.

Na uone pia kuchagua kunavyoweza kuacha kovu kwenye nadharia. Mwaka 1975 Jan Johanson na Finn Wiedersheim-Paul walichapisha uchunguzi wa kampuni nne za Uswidi: Sandvik, Atlas Copco, Facit na Volvo. Waliziona zinatoka nje hatua kwa hatua, kwanza kupitia mawakala, kisha kampuni tanzu ya mauzo, kisha kiwanda, na mara nyingi zikianzia nchi za karibu. Kazi hiyo ilichangia kuzaa mfano wa Uppsala, yaani nadharia ya kampuni kutoka nje hatua kwa hatua, ambao Johanson na Jan-Erik Vahlne waliuandika mwaka 1977, na ambao mpaka leo hakuna anayesoma somo hili bila kuupitia. Visa vinne tu! Kwa hiyo anayekwambia nne hazifiki mbali amekosea. Lakini zote nne zilikuwa kampuni za viwanda, zote za nchi moja yenye soko dogo la ndani, zote zilikuwa zimekua kwa miaka mingi. Mwaka 1994 Benjamin Oviatt na Patricia McDougall walipoandika kuhusu kampuni zinazofanya biashara ya kimataifa tangu siku zinapoanzishwa, walikuwa wakitazama aina ya kampuni ambayo visa vile vinne visingeweza kuionyesha. Kila uteuzi una dirisha linaloangalia upande mmoja. Liandike dirisha lako linaangalia wapi.

Mjumbe wa tatu, wa nchi. Huyu mjibu kwa swali: nchi inafanya kazi gani kwenye hoja yangu? Sisi wa biashara ya kimataifa tuna ugonjwa wa kuziweka nchi kwenye kichwa cha tasnifu kisha kuzisahau hadi sura ya mwisho, ambapo tofauti yoyote iliyobaki bila maelezo inatupiwa "utamaduni". Kama unadhani umbali kutoka makao makuu, au lugha, au ukubwa wa soko, ndio unaoamua nani anasikilizwa, basi nchi zako zichaguliwe kwa jambo hilo hasa, na ulitaje. Kama hudhani hivyo, nchi ni mahali tu kampuni zilipo. Idadi sawa kwa kila nchi ni usawa wa kwenye jedwali, haijibu swali lolote.

Somo letu lina tabaka ambazo wengine hawana. Unachagua nchi, ndani yake sekta, ndani yake kampuni mama, ndani yake kampuni tanzu, na ndani yake watu wa kuhoji, na kila tabaka ni uteuzi unaopaswa kuelezwa. Wewe umeeleza tabaka moja. Linalonisumbua zaidi ni la watu, kwa sababu katika barua yako yote sioni mtu hata mmoja wa makao makuu. Unachunguza ushawishi kwa kumhoji anayeshawishi tu! Yule aliyeandika "Tumelipokea, asante" ni nani? Aliandika hivyo kwa kuwa hakulisoma, au alilisoma akaogopa kusema hapana, au uamuzi ulikuwa umeshapita siku nyingi kabla karatasi haijafika mezani? Mstari ule wa mkono ni data, lakini bila aliyeuandika ni nusu ya data. Mtafute yeye au aliyekalia kiti chake. Na ujichunguze kuhusu lugha: kama uliowahoji ni wale tu wanaozungumza lugha unayoijua, hao mara nyingi ndio wanaoongea na makao makuu. Mhandisi aliyebuni ile bidhaa, ambaye hakualikwa kwenye mkutano kwa sababu lugha ya kampuni inampiga chenga, ana habari nyingine kabisa.

Sasa swali lako la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nikuchague wewe wiki hii. Unauliza kama ni vibaya kuandika kwamba ulizichagua kwa kigezo ulichokipata baadaye. Ndiyo, ni vibaya. Nami nalisema kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kufanya hivyo. Kwenye utafiti wangu wa kwanza kampuni moja ilijitoa baada ya miezi minane ya mahojiano, nikaweka nyingine mahali pake, kisha nikaandika aya safi iliyodai kwamba mpango ulikuwa hivyo tangu awali. Hakuna aliyenigundua. Lakini kila mtu aliponinukuu niliijua aya ile ni uongo, na mbaya zaidi, sababu iliyofanya kampuni ile ijitoe ilikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na jambo nililokuwa nachunguza. Nilifunika kombe, na ndani ya kombe ndimo mlimokuwa na matokeo.

Kwako iko hivyo hivyo. Kampuni 26 hazikukukubalia. Tatu kati ya tano zilikuja kupitia mtu mmoja ambaye kazi yake inamkutanisha na wakurugenzi wanaonunua ushauri, na pengine wakurugenzi wa namna hiyo ndio wanaojua kuandika maombi mazuri. Huenda ndiyo sababu maombi yao yanafanana! Huwezi kulipima hilo usipolisema. Kupata kampuni kwa kufahamiana si aibu, karibu sote tunaingia hivyo. Aibu ni kuziba mlango ulioingilia.

Tena ile sentensi ya "usampulishaji wa kinadharia" iondoe. Barney Glaser na Anselm Strauss, walioliingiza wazo hilo mwaka 1967, walimaanisha jambo mahususi: unakusanya, unachambua, na uchambuzi ndio unaokuambia uende wapi baadaye. Kuchagua tano kabla hujachambua chochote hakuitwi hivyo. Huo ni uteuzi wa makusudi, na kwa upande wako ni wa upatikanaji. Cha kufurahisha ni kwamba kuanzia sasa, ukimrudia mkurugenzi kuomba maombi yaliyokataliwa kwa sababu droo imekuonyesha unayahitaji, utakuwa unafanya usampulishaji wa kinadharia kweli. Anna Dubois na Lars-Erik Gadde waliandika mwaka 2002 kuhusu kwenda na kurudi kati ya nadharia na uwanjani namna hii, mipaka ya kisa ikijichora kadiri unavyoelewa. Kubadilika kwako kuna jina, huna haja ya kukuficha.

Mimi ningeandika hivi, nawe urekebishe kwa maneno yako:

"Niliomba kampuni tanzu 31 zishiriki, tano zikakubali, tatu kati yake kupitia mtu ninayefahamiana naye. Mwanzoni nilikusudia kuchunguza nne zilizopewa jukumu. Niliposoma maombi ya ile iliyokataliwa na kuona yanafanana na ya zile nne, maelezo yangu ya awali hayakusimama tena. Nikabadili kitengo cha uchambuzi kutoka kampuni tanzu kuwa ombi, na nikarudi kutafuta maombi yaliyokataliwa katika kampuni zote tano. Msingi wa ulinganisho ni kampuni mbili za kampuni mama moja zilizojibiwa tofauti. Tatu nyingine zinatumika kuona kama maelezo yanayopatikana kwenye jozi hiyo yanashika chini ya kampuni mama nyingine. Utafiti huu hauwezi kusema lolote kuhusu kampuni tanzu ambazo hazikuwahi kuomba."

Sentensi ya mwisho usiifute hata msimamizi akisema inakudhoofisha. Kisha chora jedwali dogo, kila kisa na safu moja inayosema kipo kwa kazi gani. Safu ikikosa neno, kisa hicho kitoe. Inawezekana ukabaki na jozi peke yake pamoja na maombi yake yote, na kama nyaraka ni nzito kama ulivyozieleza, mimi nisingeogopa. Bent Flyvbjerg ameeleza vizuri, mwaka 2006, kwamba kudhani kisa kimoja hakiwezi kuchangia elimu ni kutoelewa kisa ni cha kazi gani. Hapo ninakuachia wewe na msimamizi wako.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Ukizilinganisha kampuni mbili za mama mmoja, kubadili majina hakutoshi. Mtu yeyote wa makao makuu akisoma "kampuni iliyoomba mara tatu" atajua ni nani kabla hajafika mwisho wa sentensi, na atajua pia nani aliyefungua droo. Yule mkurugenzi alikukaribisha akidhani anachangia utafiti kuhusu kampuni kwa jumla. Hakujua atakuwa nusu ya jozi. Kwa hiyo kabla hujarudisha pendekezo, mpigie. Mweleze mpango umebadilika, mweleze atalinganishwa na nani, mwambie hutapeleka kipande chochote makao makuu bila yeye kukisoma kwanza. Kisha muulize kama bado anaridhia maombi yale yatumike, na umpe siku za kufikiri kabla ya kukujibu.